Kula kwa mama lishe na vibandani: jinsi ya kufaidi chakula cha mtaani bila kuugua

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hawapiki mlo wa mchana nyumbani. Fundi, dereva wa bodaboda, mwanafunzi, machinga na mfanyakazi wa ofisini hula kwa mama lishe, kwenye mgahawa mdogo au kwenye kibanda cha chipsi, kwa sababu chakula kipo karibu, bei yake ni nafuu na ni kitamu. Ukurasa huu unaeleza jinsi ya kuchagua mahali pa kula, vyakula vinavyohitaji uangalifu zaidi, jinsi ya kupata mlo kamili kwa fedha kidogo, na la kufanya ukianza kuhara au kutapika baada ya kula.

Mambo makuu

- Chakula hakiwi hatari kwa sababu tu kimeuzwa kibandani, wala hakiwi salama kwa sababu tu kimeuzwa hotelini.
- Angalia mambo manne: moto, muda, maji na mikono.
- Chakula salama zaidi ni kilichoiva kabisa na kupakuliwa kikiwa bado cha moto sana.
- Kachumbari, barafu, juisi na matunda yaliyokatwa mapema ndivyo vya kuangalia zaidi, kwa sababu havipiti kwenye moto.
- Ukihara, anza kunywa ORS mapema. Mtoto akilegea, au ukiona damu kwenye choo, nenda kituo cha afya bila kusubiri.

Jiji moja, majiko mengi

Chakula cha mtaani cha Dar es Salaam kimetoka pande nyingi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mihogo na vitumbua ni vyakula vya pwani. Chapati, sambusa, bhajia na biriani vina asili ya Bara Hindi na nchi za jirani yake, na mitaa ya Kisutu na Upanga bado inajulikana kwa vyakula hivyo. Urojo umetoka Zanzibar. Mtori ni wa Wachaga wa Kilimanjaro, ndizi za kupika ni chakula kikuu cha Wahaya wa Kagera, na mlenda unapendwa sana Dodoma. Coco Beach watu hufuata mihogo ya kukaanga na mishikaki, na Feri hufuata samaki.

Mchanganyiko huu una faida kwa afya. Mtu mwenye fedha kidogo anaweza kula maharage leo, dagaa kesho na kisamvu au mbaazi keshokutwa, bila kupika mwenyewe. Kila chakula, hata hivyo, kina hatari yake. Wali wa jana si sawa na mshikaki usioiva, na mshikaki si sawa na glasi ya juisi yenye barafu. Ukijua hatari ya kila kimoja, huna haja ya kuviogopa vyote.

Kwa nini chakula humfanya mtu augue

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kilichochafuliwa, na 420,000 kati yao hufariki. Watoto wa chini ya miaka 5 ni 125,000 kati ya vifo hivyo. Magonjwa hayo ni pamoja na kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo, homa ya ini ya aina A na minyoo.

Hayatokani na vibandani peke yake. Mwaka 2017 na 2018, Afrika Kusini ilipata mlipuko wa ugonjwa wa listeria uliosababishwa na nyama ya kusindikwa iliyotoka kiwandani na kuuzwa madukani. Zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walifariki. Kwa hiyo usiangalie tu ukubwa wa jengo au uzuri wa kifungashio. Angalia mambo haya manne:

1. Moto. Vijidudu vingi hufa chakula kikiiva hadi katikati kwa nyuzi joto 70 za Selsiasi au zaidi.
2. Muda. Kati ya nyuzi joto 5 na 60 vijidudu huongezeka haraka. Joto la kawaida la Dar es Salaam liko katikati ya kiwango hicho. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye moto au kwenye baridi ya friji.
3. Maji. Maji machafu huingia kwenye chakula kupitia sahani, kachumbari, barafu na juisi. Kipindupindu husambaa kwa njia hii. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea hadi mikoa mingi ya Tanzania Bara na Zanzibar.
4. Mikono. Mikono iliyotoka chooni, iliyoshika fedha au nyama mbichi huhamisha vijidudu hadi kwenye chakula ambacho tayari kimeiva.

Angalia kabla ya kuagiza

Simama kidogo, tazama, kisha uamue. Dakika moja inatosha.

- Je, sufuria ziko jikoni au kwenye hotipoti, na mvuke unaonekana mfuniko unapofunguliwa?
- Je, wateja ni wengi? Chakula kinachoisha haraka hakipati muda wa kuharibika. Kama unaweza, kula saa 6 hadi saa 7 mchana, chakula kinapotoka jikoni, badala ya saa 10 jioni.
- Je, sahani zinaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji safi, au zinachovywa kwenye ndoo moja ambayo maji yake yamebadilika rangi?
- Je, kuna ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia? Beseni moja ambalo kila mteja anachovya mikono ni hatari. Omba umiminiwe maji.
- Je, anayepakua ndiye anayepokea fedha? Kama ndiye, je, anatumia kijiko au anashika chakula kwa mkono?
- Je, chakula kimefunikwa nzi wasitue?
- Je, choo, mtaro au rundo la taka viko karibu na jiko?

Si vibaya kuuliza. Sema kwa upole: “Mama, samahani, wali huu umepikwa saa ngapi?” au “Kaka, naomba unipashie tena hadi ichemke.” Muuzaji mzuri hatachukia. Akichukia, sehemu nyingine haiko mbali.

Chakula kimoja kimoja

*Wali, pilau na biriani.* Watu wengi hudhani wali hauna shida kwa sababu hauna nyama. Kumbe mchele una bakteria wanaostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi bila joto la kutosha, bakteria hao huamka na kutoa sumu. Kupasha wali tena hakuondoi sumu hiyo. Kula wali wa siku hiyo hiyo, ukiwa wa moto. Kiporo cha wali kilicholala nje ya friji kitupwe.

*Maharage, mchuzi na supu.* Supu ya asubuhi inayochemka ni miongoni mwa vyakula salama zaidi mtaani. Mchuzi wa nyama uliopikwa kwenye sufuria kubwa na kuachwa upoe polepole ni hatari, kwa sababu katikati ya sufuria joto hukaa muda mrefu katika kiwango ambacho bakteria hupenda. Omba uchemshwe tena hadi utoe mapovu.

*Chipsi na chipsi mayai.* Viazi vilivyotoka kwenye mafuta sasa hivi haviwezi kubeba vijidudu vingi. Chipsi zilizokaa kwenye kabati la vioo zirudishwe kwenye mafuta mbele yako. Mayai ya zege yawe yameshikana kote, yasibaki majimaji. Mafuta meusi, yenye moshi na harufu kali yametumika mara nyingi mno, tafuta kibanda kingine.

*Mishikaki na kuku wa kuchoma.* Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani kubichi. Chana kipande kimoja: kuku asiwe na rangi ya waridi wala majimaji ya damu. Angalia pia kama nyama iliyoiva inawekwa kwenye sinia lile lile lililobeba nyama mbichi, au inapakwa viungo kwa brashi iliyotoka kwenye nyama mbichi.

*Samaki.* Jodari na vibua wasipowekwa kwenye barafu mara tu baada ya kuvuliwa hutengeneza kemikali ambayo haiondoki hata wakikaangwa sana. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja: uso kuwa mwekundu au wa moto, kuwashwa, kichwa kuuma na mdomo kuwasha kama umekula pilipili. Kama samaki anachoma ulimi bila kutiwa pilipili, acha kumla.

*Urojo, bhajia na viazi vya rojo.* Rojo lenyewe liwe linachemka. Hatari huja na vinavyoongezwa juu: chatne, kabichi mbichi, na bakuli lililosuuzwa kwa maji machafu. Unaweza kuomba rojo na bhajia bila chatne.

*Kachumbari.* Nyanya na vitunguu vibichi huoshwa kwa maji yale yale ya kibandani na kukatwa mapema. Kama hukuona kikitayarishwa, na hasa wakati wa mlipuko wa kipindupindu, kiache. Omba mboga iliyopikwa badala yake.

*Matunda.* Ndizi, chungwa na embe unalolimenya mwenyewe kwa mikono safi ni salama. Tikiti na nanasi zilizokatwa na kupangwa kwenye sinia hubeba vijidudu vya kisu, mikono na nzi. Omba ukatiwe papo hapo, kwa kisu kilichooshwa.

*Vinywaji.* Dafu linalokatwa mbele yako ni kinywaji kizuri, ila tumia mrija safi badala ya glasi iliyochovywa kwenye ndoo. Chai ya moto na kahawa ya kwenye birika havina wasiwasi mkubwa, ilimradi kikombe ni safi. Juisi ya miwa, ukwaju na ubuyu hutegemea maji na barafu iliyotumika. Kuganda hakuui vijidudu vyote: barafu ya maji machafu bado ni maji machafu.

*Maziwa.* Maziwa mabichi, na mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa, vinaweza kuleta brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Kunywa yaliyochemshwa tu.

Mlo kamili kwa fedha kidogo

Kuna madhara mengine ambayo hayaji siku hiyo hiyo. Mafuta mengi, chumvi nyingi na sukari nyingi kila siku, kwa miaka, huchangia shinikizo la damu, kisukari na ugonjwa wa moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga. Linashauri pia sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu wa kawaida. Soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya chai vya sukari, yaani zaidi ya nusu ya kiwango hicho.

Kwa bahati nzuri, vyakula vya bei ya chini kwa mama lishe mara nyingi ndivyo vyenye afya:

- Maharage, mbaazi, choroko na kunde hujenga mwili, na bei yake ni ndogo kuliko ya nyama. Dagaa wanaoliwa na miiba yake huongeza madini ya chokaa.
- Mchicha, matembele, kisamvu, bamia na mlenda huongeza vitamini na nyuzinyuzi. Kisamvu kiwe kimetwangwa na kupikwa muda mrefu, kwani majani mabichi ya mhogo yana sumu.
- Ugali wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko wa sembe.
- Makande ni mlo kamili kuliko chipsi kavu.

Unapoagiza, sema: “Punguza wali, ongeza maharage na mboga.” Mara nyingi bei haibadiliki. Onja kabla ya kuongeza chumvi. Zege, mihogo ya kukaanga na sambusa viwe vya siku moja moja, visiwe chakula cha kila mchana. Badala ya soda, kunywa maji safi na ununue chungwa.

Kama una kisukari, usiache kula kwa mama lishe, ila punguza wali, chapati na viazi. Chagua kimoja tu katika hivyo kwa mlo mmoja, na jaza nusu ya sahani kwa mboga.

Chakula cha kufungiwa

Ukifungiwa chakula, kile ndani ya saa mbili. Kama kitaliwa baadaye, kiwekwe kwenye friji na kipashwe hadi kitoe mvuke kote. Epuka chakula cha moto kilichofungwa kwenye mfuko laini wa plastiki au gazeti lenye wino. Ni bora ubebe kontena lako lenye mfuniko.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Watoto wadogo, wajawazito, wazee, na watu wanaoishi na VVU, kisukari au ugonjwa wa figo huugua haraka na vibaya zaidi. Wao wale vyakula vilivyopikwa na vya moto tu wanapokuwa nje, na waepuke mayai yasiyoiva, maziwa mabichi na kachumbari. Mjamzito awe makini pia na soseji na nyama za kusindikwa: zipikwe hadi ziwe za moto sana.

Mwenye mzio wa karanga aulize kabla ya kula. Karanga husagwa na kutiwa kwenye mchicha, kisamvu na michuzi mingi bila kuonekana.

Yanayosemwa mtaani

*“Pilipili na ndimu huua wadudu.”* Haviwezi kufanya kazi ya moto. Nyama au samaki asiyeiva habadiliki kuwa salama kwa kukamuliwa ndimu.

*“Chakula kibaya kinanuka.”* Chakula chenye vijidudu vya kutosha kukulaza kitandani kinaweza kuwa na harufu na ladha nzuri kabisa.

*“Tumbo langu limezoea.”* Mwili huzoea baadhi ya vijidudu kwa kiasi. Hauzoei kipindupindu wala homa ya matumbo.

Ukianza kuhara au kutapika

Kinachoua haraka ni kuishiwa maji mwilini. Anza kunywa mapema.

- Changanya pakiti ya ORS kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama huna, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi.
- Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyoweza.
- Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kumpa kidogo kidogo kwa kijiko.
- Endelea kumnyonyesha mtoto na kumpa chakula laini.
- Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kwa kipimo utakachoelekezwa na mhudumu wa afya.
- Usinunue dawa za kuua bakteria bila kupimwa, na usimpe mtoto dawa za kuzuia kuhara.

Nenda kituo cha afya mara moja kama:

- choo ni maji matupu mengi kama maji ya kuoshea mchele;
- kuna damu kwenye choo;
- mgonjwa ana homa kali, au homa iliyodumu zaidi ya siku tatu;
- anatapika kila anachokunywa;
- hakojoi, macho yameingia ndani, mdomo umekauka, au amelegea na kusinzia;
- macho au ngozi vimekuwa vya njano;
- mgonjwa ni mtoto mchanga, mjamzito au mzee dhaifu.

Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini wagonjwa wengi hupona wakitibiwa mapema. Endelea kumnywesha ORS mkiwa njiani. Mweleze mhudumu mlikula nini, wapi na lini, ili wengine waliokula hapo watafutwe. Homa ya matumbo na homa ya ini huchukua siku nyingi, hata wiki kadhaa, kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo chakula cha jana si lazima kiwe ndicho chanzo.

Kama wewe ni muuzaji

Mteja akiugua, na wewe unapoteza kipato. Mambo yafuatayo hayahitaji mtaji mkubwa:

- Weka ndoo mbili zenye koki na sabuni: moja ya wateja, moja yako.
- Nawa mikono kwa sabuni sekunde 20 kila utokapo chooni na kila ushikapo nyama mbichi.
- Tenga kisu na ubao wa nyama mbichi na vya chakula kilichoiva.
- Mpe mtu mwingine kazi ya kupokea fedha, au tumia malipo ya simu.
- Pika mara mbili kidogo kidogo badala ya mara moja kingi.
- Chemsha au tibu maji ya kunywa, ya juisi na ya kuoshea kachumbari.
- Ukihara, pumzika hadi upone.

Mteja anayeona sabuni, mvuke na sahani safi hurudi kesho na kuleta wenzake. Ukiona mama lishe anafanya hivyo, mwambie kwamba umeona, na uendelee kula kwake.